Nakala Kongwe za Shaaban Robert: Mnunuzi Atazame Nini?

Ukipita kwa wauza vitabu vikuukuu mjini utagundua kwamba bei hufuata silabasi. Kitabu kinachotahiniwa hupanda bei. Kisichotahiniwa hulazwa chini kwenye gunia. Ndiyo maana nakala kongwe ya Shaaban Robert yaweza kumwangukia mwalimu wa mshahara mdogo, mradi ajue anachokitafuta.

Usihadaike na jalada. Fungua ukurasa wa nyuma ya ule wa anwani, usome mchapishaji, mji na mwaka. Pambo la Lugha lilitoka Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940, katika msururu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand uliofunguliwa mwaka wa 1935 kwa mashairi ya Kizulu ya B. W. Vilakazi. Msururu uo huo ulikuwa umetoa diwani ya Muyaka, iliyohaririwa na William Hichens, mwaka wa 1940. Ajabu, sivyo? Malenga wa Mombasa na mshairi wa Tanga wakapigiwa chapa Afrika Kusini! Kusadikika nayo ilitolewa na Nelson, London, mwaka wa 1951.

Miaka hii si pambo. Mtahiniwa aliyeshika toleo la karibuni la Kusadikika aghalabu hudai kwamba kesi ya Karama inawasuta viongozi wa baada ya uhuru, ilhali Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, miaka kumi baada ya riwaya kuchapishwa. Anaweza kuihusisha na watawala hao, lakini aseme wazi kwamba huo ni usomaji wake.

Hata toleo la kwanza huweza kupotosha. Utubora Mkulima ilichapishwa mwaka wa 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Ni rahisi mno kumwona Utubora, anayeacha kazi na kwenda Busutamu kulima, kama mjumbe wa Ujamaa. Shaaban Robert alifariki Juni 1962! Kufikirika vilevile, iliyochapishwa mwaka wa 1967, iliandikwa katika miaka ya 1940. Kwa hivyo mkusanyaji asiridhike na mwaka wa chapa. Autafute pia mwaka wa kuandikwa, na dibaji za matoleo ya zamani huweza kumsaidia.

Kuhusu kuuza, nina machache. Nakala yenye mhuri wa maktaba ya shule usiinunue wala kuiuza kabla ya kuuliza ilivyotoka huko. Mtajie mnunuzi kurasa zilizong'oka. Maandishi ya penseli ya mwalimu wa zamani usiyafute. Kwangu mimi hayo huongeza thamani, kwa kuwa yanaonyesha kitabu kilivyofundishwa. Tena, ukimpelekea fundi akijalidi upya, mwonye asiutupe ukurasa wa mwaka. Nawe kabla ya kukiachilia, toa nakala ya ukurasa huo na dibaji, uzibandike darasani.