Godzilla alipoacha kuogopesha: filme zilizochoka, na urani ya kwetu



Wengi mnanijua kama mtu wa mihogo na udongo. Leo naomba niongee juu ya sinema. Msicheke haraka, juu mihogo itarudi katikati ya habari, na mwishoni tutafika Katanga.

Nilimjua Godzilla pale Kadutu, nikiwa na miaka kama tisa. Kulikuwa na nyumba moja ya mbao ambako walionyesha filme: unalipa kidogo, unakaa kwenye benchi, jenereta inanguruma nyuma. Siku hiyo waliweka diski ya filme za Kijapani. Tuliona jitu lenye mkia likiteleza juu ya ule mkia wake, miguu mbele, na kumpiga adui teke la kifua sawa mtu wa mieleka. Mtoto aliyekaa karibu yangu akasema: « Hii nyama haiogopeshi mutu, iko nachekesha tu. » Na ilikuwa kweli. Tulicheka mpaka mwenye nyumba akatugombeza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na lisansi mkononi na kazi hakuna, rafiki mmoja alinipa kwenye flashi filme ya kwanza kabisa ya Godzilla, ile nyeusi na nyeupe. Niliifungua usiku ili nipate kucheka tena. Sikucheka hata mara moja. Njo nikajiuliza: ilikuwa namna gani kitu cha kutisha hivi kikageuka kile tulichokiona Kadutu?

Filme ya kwanza ilitoka tarehe 3 Novemba 1954. Kampuni ya Toho ndiyo iliitengeneza, na mwongozaji alikuwa Ishirō Honda. Honda alikuwa askari katika vita vya China, na aliporudi nyumbani alipita Hiroshima, akaona kilichobaki pale. Vita vilikwisha 1945, lakini mpaka 1952 Wamarekani walikuwa wanaikalia Japani na walikuwa wanachuja magazeti, vitabu na filme. Kuongea waziwazi juu ya bomu la atomiki haikuwa jambo rahisi.

Kisha, tarehe 1 Machi 1954, Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni kule Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa karibu mara 1.000 ya lile la Hiroshima. Mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa, lakini majivu meupe yaliwafikia wavuvi wote 23. Mwezi wa Septemba mmoja wao, Aikichi Kuboyama, aliyekuwa mtu wa redio, alifariki. Filme ya Godzilla ilitoka wiki sita baadaye.

Kwa hiyo wale walionunua tiketi, zaidi ya milioni 9, hawakuona mnyama wa kubuni tu. Filme inaanza na mashua inayoteketea baharini kwa mwanga mkali. Ndani ya treni mwanamke anakumbusha kwamba aliponea Nagasaki. Mama mmoja amewakumbatia watoto wake chini ya ukuta, moto unakaribia, anawaambia kwamba sasa hivi watamfuata baba yao. Hospitalini mtoto anapimwa na kifaa cha mionzi, daktari anatikisa kichwa. Na yule Dr Serizawa, aliyegundua silaha ya kumuua Godzilla, anachoma karatasi zake zote na kujiua pamoja na lile jitu, ili pasiwe na serikali ya kumlazimisha atengeneze silaha ile tena. Mwishoni mzee mwanasayansi anaonya: majaribio yakiendelea, Godzilla mwingine atatokea.

Kila mtu ndani ya ile sinema alijua nani anaongelewa. Jitu lilikuwa na jina la kubuni, lakini wafu walikuwa wa kweli.

Sasa tuone kilichofuata.

Toho haikungoja. Aprili 1955, hata miezi sita haijaisha, sehemu ya pili ilikuwa tayari, na mwongozaji mwingine. Humo Godzilla anapigana na jitu lingine, na toka siku hiyo watu walianza kuja kuona nani atamshinda nani. Mwaka 1962 alikutana na King Kong. Hiyo iliuza tiketi zaidi ya milioni 11, nyingi kuliko filme zote za Godzilla zilizotangulia, na ilikuwa nusu kichekesho. Mwaka 1965 walimpeleka kwenye sayari nyingine, na aliposhinda akarukaruka kama anacheza ngoma. Mwaka 1967 alipata mtoto. Mwaka 1969 ilitoka filme ya mvulana mmoja mpweke anayeota Godzilla na mtoto wake. Mapigano mengi ndani yake yalikatwa kutoka filme za mbele na kubandikwa upya. Na muone vizuri: 1962, 1965 na 1969 mwongozaji alikuwa Honda mwenyewe. Hatuwezi kusema ni wageni tu walioharibu kazi ya mzee.

Ile ya teke ambayo tuliiona Kadutu ni ya 1973, Godzilla na Megalon. Iliponipita tena mbele ya macho nikiwa mkubwa, nilishangaa kitu kimoja. Inaanza na jaribio la bomu la nyuklia! Watu wanaoishi chini ya bahari wanaharibiwa mji wao na lile jaribio, wanakasirika, wanatuma jitu lao Megalon kulipiza kisasi. Maana yake mbegu ya 1954 ilikuwa bado imo. Lakini hakuna anayeilia. Baada ya dakika chache tunarudi kwenye magari na roboti, na mwishoni Godzilla anashikana mkono na ile roboti, kila mtu anaenda nyumbani. Tiketi hazikufika milioni 1. Filme ya 1975 nayo haikufika. Toho wakafunga, na Godzilla hakuonekana tena mpaka 1984.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni ya feza, na tusiwe wakali sana kwa wale wazee. Mwaka 1958 Wajapani walinunua tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1. Mwaka 1975 hazikufika milioni 200. Televizio iliingia ndani ya kila nyumba. Toho ikabaki na watoto: toka Desemba 1969 walipanga maonyesho ya likizo ya shule, filme kadhaa pamoja na vibonzo, na Godzilla akawa wa kuwafurahisha wadogo kwa bei ndogo.

Sababu ya pili ni nzito kuliko hiyo. Japani yenyewe ilikuwa inabadilika. Michezo ya Olimpiki ilifika Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1966 kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia cha biashara kilianza kazi kule Tōkai. Atomi iliyokuwa imechoma miji sasa inawasha taa na kuendesha viwanda. Wazee wetu wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kule Japani, miaka ile ya sabini, watu walikuwa wameishazoeana na zimwi lao, na walidhani halitawala tena.

Hapa njo mihogo inaingia.

Ninyi mliosoma nami agronomia mnakumbuka ugonjwa wa mozaiki. Mkulima wa Kabare au Walungu hanunui mbegu ya muhogo. Anakata vijiti kwenye shamba la mwaka jana, anapanda. Mwaka unaofuata anakata tena kwenye hilo shamba. Kama kirusi kimeisha ingia, kinasafiri ndani ya kijiti, na kila msimu kinaongezeka. Majani yanajikunja, mizizi inakonda sawa vidole. Mkulima analaumu mvua, analaumu udongo, anapalilia mara tatu. Kupalilia hakuwezi kuponya kijiti. Dawa ni moja: kuacha vile vijiti na kutafuta mbegu mama iliyo safi, kama ile wanayozidisha watafiti wa INERA pale Mulungu.

Kwa macho yangu, hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Godzilla. Filme ya 1955 ilikatwa kwenye ile ya 1954. Ya 1962 ikakatwa kwenye ya 1955. Kufika 1973 walikuwa wanapanda vijiti vya vijiti. Waliongeza majitu, rangi, roboti, mtoto. Yote hayo ni kupalilia. Hakuna aliyerudi kwenye jeraha ambalo hadithi ilitoka.

Na ushahidi upo, juu kila aliyerudi alivuna. Mwaka 1971 kijana Yoshimitsu Banno aliuliza Wajapani wanaogopa nini siku hizo, akajibu: uchafu wa viwanda. Ilikuwa miaka ya Minamata, ambako zebaki ya kiwanda iliingia ndani ya samaki na ndani ya watu. Jitu lake, Hedorah, ni la matope na moshi. Filme ina mambo ya kuchekesha, Godzilla hata anaruka hewani, lakini watu wanakufa humo na unawahurumia.

Kisha tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami viliharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima. Mwaka 2016 Hideaki Anno na Shinji Higuchi walitoa Shin Godzilla: jitu linapanda mjini na mionzi yake, na wakubwa wa serikali wanafanya mkutano ili kuamua tarehe ya mkutano mwingine. Sisi wa Bukavu tungeielewa bila mtu wa kutafsiri. Na 2023 Takashi Yamazaki alirudi mpaka mwanzo kabisa, kwenye Japani iliyobomolewa na vita, na askari mmoja anayeona haya kwamba alibaki hai. Hiyo, Godzilla Minus One, mwaka 2024 ikawa filme ya kwanza ya Godzilla kupata tuzo ya Oscar.

Sasa tuingie Katanga.

Ile atomi haikutoka hewani. Kule Shinkolobwe, karibu na Likasi, kulikuwa na mgodi wa Union Minière du Haut-Katanga. Urani yake ilikuwa tajiri kupita kawaida ya migodi mingine duniani. Mwanzoni Wabelgiji waliitafutia radiamu. Mwaka 1940, vita vilipofika Ubelgiji, mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alituma zaidi ya tani 1.000 za mawe hayo mpaka New York. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akafika kwake na kuyanunua. Sehemu kubwa ya urani ya kutengeneza mabomu ya kwanza ilitoka kule. Wakongo walichimba, wakapakia, chini ya kazi ya kikoloni, na hawakuambiwa ni ya nini. Tarehe 6 Agosti 1945 ikafika Hiroshima. Mwaka 1946 Sengier alipewa medali na serikali ya Marekani.

Katika filme zote za Godzilla nilizoona, sijasikia neno Kongo. Siwalaumu Wajapani, walikuwa wanalia wafu wao. Najiuliza juu yetu. Mimi, katika miaka yote ya sekondari, Shinkolobwe niliisikia kama sentensi moja ndani ya somo la jiografia, kwenye orodha ya madini, kati ya shaba na kobalti. Niliiandika, nikapata pointi, nikasahau. Jitu la Wajapani lilizaliwa nusu katika udongo wetu, na nilipaswa kulijua kupitia flashi ya rafiki.

Lakini kunyamaza siyo ugonjwa wetu peke yake. Hapa Bukavu tuko pia na ule ugonjwa mwingine, wa vijiti. Wangapi kati yetu wameisha fanya kazi ya kuandika ripoti za mradi? Unapewa ripoti ya mwaka jana, unabadilisha tarehe, unabadilisha hesabu ya wahanga, unabandika. Halafu kuna atelye kwenye hoteli, bango ukutani, mama mmoja kutoka kijijini anasimulia yaliyompata, mara ya saba au ya nane, na watu wanaangalia saa, juu perdiem inatolewa kabla ya chakula. Mimi nimekaa kwenye kile kiti. Niliangalia saa, na sioni fahari kuisema. Hadithi yake ilikuwa ya kweli kila mara. Sisi njo tulikuwa tumefika kwenye sehemu ya kumi na tatu, pale ambapo hakuna anayeogopa tena.

Filme mbaya ikitoka, hasara ni ya tiketi. Hadithi ya mauaji ikichakaa, hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa aliyekuwa anapaswa kushtuka hashtuki tena, na lile jambo linaweza kurudi mlango ukiwa wazi.

Basi pendekezo langu kwa chama ni dogo. Wengi wetu bado tuko na bibi au babu nyumbani, na wengine wana jamaa waliofanya kazi kwenye migodi ya Katanga au ya huku Kivu. Kabla ya kuandika ripoti nyingine, twende tukae nao, tuwaulize, tuandike jina la kijiji, mwaka, na kile walichokiona kwa macho yao. Tusikate kijiti kwenye ripoti ya mtu mwingine. Mimi nitaanza na babu yangu mdogo wa Walungu, ambaye kila siku namuuliza juu ya ndizi zake na sijawahi kumuuliza juu ya maisha yake.

Na ninyi, nani mtaanza naye? Andikeni hapa chini.