Mtoto anayekojoa kitandani usiku: jinsi ya kumsaidia

Mtoto ameacha nepi mchana. Anasema mwenyewe anapobanwa na mkojo, na akiwa anacheza nje hukimbia chooni kwa wakati. Lakini kila asubuhi shuka limelowa. Wazazi na walezi wengi wa Ikolo na vijiji vingine vya Kyela wanaijua hali hii, na wengine huona kwamba mtoto ni mvivu au mkaidi. Ukurasa huu unaeleza kwa nini sivyo, nini cha kufanya nyumbani, na dalili zipi zinahitaji kupelekwa zahanati.

Mambo ya kukumbuka

- Kuacha kukojoa mchana na kuacha kukojoa usiku ni hatua mbili tofauti. Ya pili huchukua muda mrefu zaidi.
- Mtoto wa chini ya miaka 5 anayekojoa usiku tu, na hana dalili nyingine, kwa kawaida si mgonjwa.
- Mtoto hakojoi kitandani kwa makusudi. Kumchapa au kumwaibisha hakumsaidii.
- Damu kwenye mkojo, maumivu, kiu kali au kuanza tena kukojoa baada ya kuwa ameacha ni sababu ya kwenda kupimwa.

Kwa nini usiku ni vigumu zaidi?

Mchana mtoto yuko macho. Kibofu kikijaa anahisi, anajizuia na anakwenda chooni. Usiku mwili wake lazima ufanye kazi hiyo bila yeye kujua. Ili aamke akiwa mkavu, angalau moja kati ya mambo mawili lazima litokee: kibofu kiweze kuhifadhi mkojo wote wa usiku, au ubongo wake usikie kwamba kibofu kimejaa na umwamshe.

Usiku mwili hutoa zaidi homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo. Kwa baadhi ya watoto homoni hii bado ni kidogo. Wengine wana kibofu kinachohifadhi mkojo mchache. Wengine hulala usingizi mzito, na ishara ya kibofu haiwaamshi. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo mtoto analiamua mwenyewe.

Hali hii pia hufuata ukoo. Kama mzazi mmoja alikuwa akikojoa kitandani utotoni, takribani watoto 4 kati ya 10 nao hupitia hali hiyo. Kama ni wazazi wote wawili, ni takribani 7 kati ya 10. Ukiwa na shaka, muulize bibi wa mtoto jinsi wewe ulivyokuwa.

Inaisha lini?

Kati ya watoto 100 wenye miaka 5, takribani 15 bado hukojoa kitandani. Wakifika miaka 7 ni takribani 10 au pungufu. Kila mwaka sehemu ya watoto hao huacha bila dawa yoyote. Wavulana huchelewa zaidi kuliko wasichana. Kwa hiyo darasa la kwanza lenye wanafunzi 60 huenda lina watoto kadhaa wenye hali hii, ingawa kila mmoja wao anadhani yuko peke yake.

Je, mtoto yuko tayari kulala bila nepi?

Angalia dalili hizi:

- nepi ni kavu asubuhi kadhaa mfululizo;
- mtoto anaamka usiku na kusema anataka kukojoa;
- mwenyewe anataka kujaribu.

Chagua wakati ambao nyumba imetulia, si wiki ya msiba, ya kuhama au ya kuzaliwa mtoto mwingine. Ikiwezekana, usianze katikati ya mvua kubwa za Machi hadi Mei, kwa sababu godoro na mashuka huchelewa sana kukauka. Ukijaribu kwa wiki moja au mbili na bado analowa kila usiku, mrudishie nepi bila kumsema, kisha jaribuni tena baada ya miezi michache.

Nini cha kufanya nyumbani

Mpe maji ya kutosha mchana. Kyela ni joto, na mtoto anayenyimwa maji kutwa huwa na kiu kali jioni, anakunywa mengi kwa mara moja, kisha analala. Gawanya maji tangu asubuhi hadi alasiri. Saa moja au mbili kabla ya kulala punguza vinywaji, lakini usimnyime maji mtoto mwenye kiu, mwenye homa au anayeharisha.

Jioni epuka chai ya rangi, kahawa, kakao na soda aina ya kola. Vinywaji hivi vina vitu vinavyoweza kuongeza mkojo. Kama chakula cha usiku huliwa kwa chai, mpe mtoto yake mapema.

Zuia choo kigumu. Utumbo uliojaa choo hukandamiza kibofu, nacho hubeba mkojo mchache. Papai, maembe, ndizi mbivu, maharage na mboga za majani husaidia, pamoja na maji ya kutosha. Mara nyingi choo kikilainika, hata usiku huwa na nafuu.

Akojoe mara mbili kabla ya kulala: mara moja anapoanza kujiandaa, na tena anapopanda kitandani.

Mrahisishie njia ya kukojoa usiku. Choo kiko nje, ni giza, na mtoto anaogopa. Weka poti au ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, na acha taa ndogo ya sola ikiwaka. Mfundishe kufungua chandarua na kukirudisha chini ya godoro. Usiondoe chandarua ili kumrahisishia, maana malaria ni hatari kubwa kuliko shuka lililolowa.

Kumwamsha usiku kunaweza kuokoa shuka, lakini hakumfundishi mwili wake kuamka wenyewe. Ukiamua kumwamsha, hakikisha ameamka kweli na ametembea hadi kwenye poti.

Kulinda godoro na ngozi

Funika godoro kwa mpira wa kitanda au nailoni nzito, kisha tandika shuka juu yake. Juu ya shuka, pale anapolala, weka kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili au tatu. Akilowa usiku unaondoa kanga tu. Hakikisha nailoni imefungwa vizuri chini ya godoro, isiweze kumfunika mtoto usoni.

Asubuhi aoge kwa maji na sabuni, kisha umpake mafuta ya mgando ili mkojo usimchubue. Aende shule au chekechea akiwa msafi, asichekwe. Mtoto mkubwa anaweza kusaidia kuondoa shuka, kama kazi ya kawaida ya nyumbani, si kama adhabu. Mashuka yafuliwe nyumbani badala ya ziwani. Sababu iko hapa chini.

Kichocho: jambo la pekee kwa wakazi wa ziwani

Ziwa Nyasa lina kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na huingia mwilini kupitia ngozi mtoto anapooga, anapocheza majini au anapomsaidia mama kuchota maji. Kichocho cha kibofu humfanya mtoto akojoe mara kwa mara, ahisi maumivu, au atoe damu mwishoni mwa mkojo. Mtoto kama huyo anaweza kulowa usiku na mchana, na watu wakadhani ni tabia.

Mkojo wenye damu haupaswi kuchukuliwa kuwa jambo la kawaida, hata kama watoto wa jirani wanao pia. Kichocho kisichotibiwa huharibu kibofu na figo. Kipimo ni cha mkojo, na ule wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ndio unaofaa zaidi, kwa kuwa ndipo mayai mengi hutoka. Dawa yake ni prazikwanteli. Hugawiwa shuleni, lakini mtoto ambaye hajaanza shule anaweza kukosa ugawaji huo, kwa hiyo mpeleke mwenyewe kupimwa.

Mkojo wenye mayai ukifika ziwani, konokono huambukizwa na mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana ni bora kufua mashuka nyumbani na kumfundisha mtoto asikojoe majini.

Mtoto mwenye selimundu

Watoto wenye selimundu hukojoa kitandani zaidi kuliko wengine, na kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu figo zao hushindwa kubana mkojo. Hawa wanahitaji maji mengi. Usimpunguzie maji mtoto mwenye selimundu ili asilowe: ukavu wa mwili unaweza kumletea maumivu makali. Bora shuka lilowe.

Mpeleke zahanati au kituo cha afya kama

- mkojo una damu, unamuuma, au ana homa pamoja na maumivu ya tumbo au kiuno;
- analowa mchana pia, baada ya kuwa ameacha;
- alikuwa mkavu kwa miezi 6 au zaidi, kisha akaanza tena;
- ana choo kigumu cha muda mrefu au anachafua nguo kwa choo;
- miguu yake ni dhaifu au anatembea tofauti na zamani;
- ana miaka 7 au zaidi na hali inamsumbua.

Nenda siku hiyo hiyo kama mtoto ana kiu isiyokwisha, anakojoa sana na anakonda. Huenda ni kisukari, ambacho huwapata hata watoto wadogo. Akianza pia kutapika, kupumua kwa kasi au kusinzia, mpeleke hospitali mara moja.

Wakati mwingine mtoto huanza tena kukojoa kwa sababu ya hofu: ugomvi nyumbani, kufiwa, kuonewa shuleni au kufanyiwa ukatili. Muulize kwa upole mkiwa wawili. Kama unahisi ameumizwa, piga simu 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haina malipo.

Usimchape, usimwite kikojozi

Katika sehemu mbalimbali za Afrika watoto wamefungwa chura kiunoni, wamenyimwa chakula cha usiku, wamechomwa, au wameimbwa na wenzao huku wamebeba godoro. Hakuna hata moja linalokuza kibofu au kuongeza homoni. Mtoto anayeogopa kulala huamka mara nyingi, hulia, na huficha nguo zilizolowa, na mzazi hapati kujua kama kuna damu au maumivu.

Kubalianeni nyumba nzima: baba, mama, bibi, shangazi na watoto wakubwa. Hakuna kumcheka wala kumtangaza kwa majirani. Akiamka mkavu, mwambie umefurahi. Akiamka amelowa, mwambie, "Haya, tubadilishe shuka." Msifu kwa anachoweza: kukojoa kabla ya kulala, kukuita usiku, kuleta shuka lake asubuhi. Mengine mwili wake utayajifunza kwa wakati wake.