Kibanda cha Kahawa Kilichotoweka Mtoni

Ukifika Mtoni, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, utakuta kuta nene zisizo na paa. Hili lilikuwa kasri la Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856. Kitu kimoja hutakiona: benjile, kibanda cha mbao kilichokuwa mbele ya nyumba, karibu na bahari, chenye paa mithili ya hema.

Kwa nini kuta zipo na kibanda hakipo? Jibu la kwanza ni la kikemia. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na ikishajengewa hufyonza kabonidioksaidi ya hewani polepole mpaka inarudi kuwa jiwe. Mbao hazina bahati hiyo. Mvua na mchwa vinazimaliza. Hata dari za kasri, zilizobebwa na boriti za mikoko, zilitangulia kuanguka.

Sasa benjile tumeijuaje? Kupitia Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa hapohapo mwaka 1844. Aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaenda kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Humo tunamwona baba yake akitembea huku na huku ndani ya kibanda, kichwa kainamisha, anachechemea kwa jeraha la vita. Hapo ndipo aliponywa kahawa na mke wake na watoto wakubwa.

Lakini usiishie hapo. Salme anasema Mtoni iliishi watu zaidi ya elfu moja, na wengi wao walikuwa watumwa. Mtoto wa mfalme aliandika kitabu. Waliobeba mawe na kuchoma chokaa hawakuandika. Kazi yao unaweza kuigusa kwa mkono mpaka leo, ila majina yao huyapati popote.

Nayaandika haya nikiwa Rujewa, ambako wazee wa Usangu waliishi kwenye tembe za miti na udongo. Tembe ikianguka, misimu michache tu inatosha kuirudisha ardhini, na hakuna ukuta wa kumwonyesha mgeni. Kwa hiyo kama bado una bibi anayekumbuka mlango ulitazama wapi na nani alilala chumba gani, kamuulize wiki hii. Na usisahau kuandika jina la fundi.