Senti za Wachimba Migodi: Shule Ambayo Wafanyakazi Walijilipia Wenyewe



Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, waliacha kazi. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu, na mshahara wao haukutosha tena kulisha jamaa. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, na aliyesimama kuwa msemaji wao alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Askari walifyatua risasi. Mpoyi aliuawa pamoja na wenzake wengi. Wakati ule Mkongomani hakuwa na haki ya kuunda chama cha wafanyakazi, yaani sendika. Ruhusa ilikuja mwaka 1946, nayo ilifungwa kwa masharti mengi.

Tunapoikumbuka habari hiyo, tunaikumbuka kwanza damu, na ni haki tufanye hivyo. Lakini tutazame pia jambo lingine: watu wa tanuri za shaba walisemewa na karani. Mbele ya tajiri mwenye vitabu vya hesabu, walihitaji mtu anayejua kusoma. Asiyeweza kusoma hesabu ya tajiri wake atailalamikia, ila kuijibu hawezi. Hapo linazaliwa swali ninalotaka tulitafakari pamoja: mfanyakazi atajifunza wapi mambo hayo, na elimu atakayoipata itakuwa mali ya nani?

Kuna nchi ambako swali hilo lilizusha ugomvi mkubwa, na historia yake inaweza kutufundisha. Nchi hiyo ni Uingereza.

Mwezi wa Februari 1899, Wamarekani wawili vijana, Walter Vrooman na Charles Beard, walifungua shule katika mji wa Oxford, wakaiita Ruskin kwa heshima ya mwandishi John Ruskin. Oxford ulikuwa mji wa chuo kikuu cha kale, mahali pa kusomea watoto wa wenye mali. Shule hiyo mpya iliwapokea watu wa migodi, wa reli na wa viwanda. Wengi walitumwa na vyama vyao, ambavyo viliwalipia karo kwa michango ya wanachama. Walisoma historia, uchumi na mambo ya utawala. Kupika na kufagia walifanya wenyewe kwa zamu, ili gharama zipungue. Na waliobaki makwao waliweza kusoma kwa njia ya barua.

Tungedhani kwamba wanafunzi hao wangeshukuru tu. Walishukuru, lakini pia walianza kuuliza maswali. Wakuu wengine wa shule walitaka iwe karibu zaidi na chuo kikuu. Wanafunzi waliona hatari: mchimba mgodi atakuja Oxford, atajifunza kusema na kuvaa kama mabwana, na mwishoni hatarudi tena mgodini kwa wenzake. Walitaka shule iwe chini ya vyama vya wafanyakazi. Walitaka pia uchumi ufundishwe kwa namna inayoeleza maisha yao wenyewe, na wengi wao walikuwa wakisoma maandishi ya Marx. Mwaka 1909 mkuu wa shule, Dennis Hird, aliyewahi kuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana na ambaye wanafunzi walimpenda, aliondolewa kazini. Wanafunzi waligoma, wakakataa kuingia darasani.

Mwaka uleule shule nyingine ikaanzishwa, Central Labour College, ambayo mwaka 1911 ilihamia London. Baadaye ilibebwa na vyama viwili vikubwa: chama cha wachimba makaa ya mawe wa Wales Kusini na chama cha watu wa reli. Sisi Wakristo hatulazimiki kukubali yote yaliyofundishwa humo. Papa Leo XIII alikuwa amekwisha kutetea, katika barua Rerum Novarum ya mwaka 1891, haki ya wafanyakazi kuungana, na papo hapo alikuwa ameyakataa mafundisho ya wasoshalisti. Hata hivyo, swali la wale wanafunzi lilikuwa la kweli. Nani anailipia elimu hii, na anayeilipia anatarajia nini?

Hebu tuwatazame wawili kati ya waliosoma katika shule hiyo.

Aneurin Bevan alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Tredegar, Wales Kusini, mtoto wa mchimba makaa. Alipofika umri wa miaka 13 alikuwa tayari amekwisha kuingia mgodini. Alikuwa na kigugumizi. Lakini Tredegar ulikuwa na maktaba ya wafanyakazi, iliyojengwa kwa senti zilizotolewa katika mishahara yao, na kijana huyo alisoma humo vitabu vingi sana. Mwaka 1919 chama cha wachimba migodi kilimpa msaada wa masomo, akaenda London kwa muda wa miaka miwili. Huko alikuwa pamoja na mchimba migodi mwingine wa Wales, James Griffiths.

Bevan aliporudi mwaka 1921 hakupokelewa kwa ngoma. Alikaa muda mrefu bila kazi. Elimu yake aliitumia kwa majirani: kuwasomea sheria, kuwatetea mbele ya wenye migodi, kuhudumu katika kamati za mji. Mwaka 1925 baba yake alifariki kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la makaa. Katika Tredegar palikuwa pia na chama cha matibabu: kila mfanyakazi alitoa sehemu ndogo ya mshahara wake, na jamaa yake ikapata daktari na hospitali. Bevan alihudumu katika kamati yake, akajifunza jinsi watu maskini wanavyoweza kubebana.

Mwaka 1945 Bevan alifanywa Waziri wa Afya wa Uingereza, na Griffiths Waziri wa Bima ya Taifa. Tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya kwa raia wote ilianza, bila mgonjwa kudaiwa fedha mlangoni kwa daktari. Griffiths, kwa upande wake, alisimamia sheria za mwaka 1946 zilizowalinda wazee, wasio na kazi na walioumia kazini. Shule iliyowalea ilikuwa imekwisha kufungwa tangu mwaka 1929, kwa sababu fedha za vyama zilikuwa zimepungua sana baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1926. Senti za wachimba migodi hazikuweza kuiokoa shule, lakini ziliwafikia wagonjwa wa nchi nzima.

Habari hii iligusa pia Afrika yetu. Tom Mboya wa Kenya alikulia katika shamba la mkonge ambako baba yake alifanya kazi, akasoma katika shule za misioni Katoliki hadi karo iliposhindikana. Alijifunza kazi ya ukaguzi wa afya, akaingia katika mambo ya vyama, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi wa Kenya, akiwa kijana wa miaka 23. Mwaka 1955 alikwenda kusoma Ruskin, ileile shule ya Oxford. Aliporudi mwaka uliofuata, alirudi kwa wafanyakazi waliokuwa wakimngoja.

Mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi lilifungua chuo mjini Kampala, ili viongozi wa vyama vya Afrika wasilazimike kuvuka bahari kutafuta mafunzo. Wanafunzi walikuja kwa miezi michache, kisha wakarudi makazini. Lilikuwa jambo jema. Lakini fedha zilitoka hasa kwa vyama vya Ulaya na Marekani, nao ulikuwa wakati wa mashindano ya mataifa makubwa. Waafrika wengine waliuliza lile lile waliloliuliza wanafunzi wa mwaka 1909: anayelipa anatarajia nini?

Na serikali zetu nazo zilijua thamani ya vyama. Nchini Kenya, mwaka 1965, vyama viliwekwa chini ya shirikisho moja lililofuatwa kwa karibu na serikali, wakati Mboya mwenyewe alikuwa waziri. Hapa Kongo, mwaka 1967, vyama viliunganishwa kuwa kimoja chini ya utawala wa Mobutu, vikakaa hivyo hadi mwaka 1990. Mfanyakazi alikuwa na kadi ya sendika mfukoni, lakini sauti ilitoka juu. Hatari ya elimu isiyorudi kwa wenzake ni hiyo hiyo, iwe imelipiwa na mgeni, na serikali, au na mwenyewe aliyesoma.

Papa Yohane Paulo II, ambaye katika ujana wake chini ya utawala wa Wajerumani alifanya kazi katika machimbo ya mawe, aliliona jambo hili. Katika barua Laborem Exercens ya mwaka 1981 alizisifu shule za wafanyakazi na mafunzo yanayoandaliwa na vyama vyao. Alitumaini kwamba kwa njia hiyo mfanyakazi hataongeza tu alicho nacho, bali atakua pia katika utu wake.

Vijana wapendwa, wengi wenu mtakuwa wafanyakazi kesho, na wengine mmekwisha kuwa: machimboni, masokoni, garajini, darasani. Siku moja wenzako watakutuma kwenye semina ya siku tatu au mafunzo ya mwezi mmoja. Watachanga nauli. Utapewa daftari, labda na cheti. Utakaporudi, kaa nao chini, fungua daftari, uwaeleze ukurasa kwa ukurasa ulichojifunza, pamoja na fedha ulizotumia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wenzako walikutuma ili nao wapate kujua.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika mtaa au mahali petu pa kazi, ni nani anayeweza kusoma mkataba wa kazi na kuueleza kwa wengine? Tunaweza kumsaidiaje awafundishe wenzake?

2. Wachimba migodi wa Tredegar walianza kwa senti na maktaba. Sisi tunaweza kuanza na nini, bila kumngoja mfadhili?

3. Nikitumwa na wenzangu kusoma, nitatoa hesabu yangu kwao kwa namna gani?