Nani Alisema Ajali Haina Kinga?

Siku kamba ilipokatika, mimi nilikuwa nimeshuka kwenye winchi dakika mbili tu kabla. Winchi yenyewe haikuwa ya watu. Ilikuwa ya mizigo: kizimba cha vyuma, mota chini, kamba ya waya inayopita kwenye gurudumu kule juu, na kibao kinachosema watu wasipande. Lakini ukishapanda ngazi za orofa sita mara nane kabla ya saa nne asubuhi, kibao hicho unaacha kukiona. Sote tulikuwa tunapanda. Hata nyapara alikuwa anapanda.

Sikusikia mlio mkubwa. Nilisikia kitu kama mjeledi, halafu kimya kifupi, halafu kishindo. Kizimba kilikuwa na wilbaro mbili zilizojaa kokoto. Kilianguka hatua chache tu kutoka pale mama wa chakula anapowekaga sufuria zake saa saba. Ilikuwa saa tano. Hakuna aliyeumia. Tulisimama pembeni tukiangalia zile wilbaro zilivyokunjika kama karatasi, kila mtu akipiga hesabu zake moyoni.

Nyapara alikuja, akaangalia, akasema, "Ajali haina kinga. Kesho tunaleta kamba mpya." Kazi ikaendelea.

Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo miezi minane. Nilikuwa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, karo ikakataa. Kwenye mjengo waliniita Injinia, na si kwa heshima. Jioni ile nilikaa kitandani na simu, na swali moja lililonisumbua: kama kamba ya winchi yetu inaweza kukatika hivi, ni nini hasa kinachozuia lifti za mjini zisituue kila siku? Nilidhani jibu litakuwa kamba nzito zaidi. Kumbe historia yenyewe inaanza pale mtu mmoja alipokubali kwamba kamba itakatika.

Tuanze na kamba. Kwa karne nyingi watu waliinua vitu kwa kamba za katani. Migodini, wachimbaji walishushwa na kupandishwa kwa kamba hizo hizo, na zilipochakaa ndani hukuweza kuona kwa nje. Mwaka wa 1834, katika migodi ya milima ya Harz kule Ujerumani, afisa wa migodi aitwaye Wilhelm Albert alisokota nyaya za chuma pamoja akatengeneza kamba ya waya. Hili lilikuwa jambo kubwa. Kamba ya waya haikatiki yote kwa mpigo; nyuzi zake hukatika mojamoja, na mkaguzi mwenye macho ataona dalili mapema. Zingatia hayo maneno, mwenye macho. Ile ya kwetu ilikuwa imetoa ndevu kwa wiki nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeziona, na nikapanda.

Lakini kamba nzuri bado ni kamba. Kwa hiyo miaka ya 1840 wahandisi wa migodi Ulaya walianza kuuliza swali tofauti: ikikatika, nini kitashika? Mwingereza Edward Fourdrinier alibuni kifaa cha kukamata kizimba cha mgodi kamba ikikatika, na kifaa hicho kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa London kwenye Maonyesho Makuu ya 1851. Nasema hivi mapema kwa sababu ukiuliza watu nani alivumbua breki ya lifti, watakupa jina moja tu, na jina hilo ni la Mmarekani.

Elisha Graves Otis alizaliwa 1811 katika kijiji cha Halifax, jimbo la Vermont, mtoto wa mkulima. Ukisoma maisha yake utafikiri unasoma ya jamaa yako wa mtaani. Alijaribu ujenzi. Alijaribu kuendesha mikokoteni ya farasi. Alijenga kinu cha kusaga, hakikulipa; akakigeuza kuwa cha kupasua mbao, hakikulipa pia. Alitengeneza magari ya farasi. Mwishowe akawa fundi wa mashine kwenye viwanda vya vitanda. Alikuwa amepita miaka 40, na bado anatafuta.

Mwaka wa 1852 alikuwa Yonkers, karibu na New York, akisimamia kutayarisha kiwanda cha vitanda. Ilibidi mashine na mizigo ipandishwe ghorofani. Otis alijua jinsi winchi za mizigo zilivyokuwa zinaua watu, basi akafanya kitu rahisi mno. Alichukua springi bapa, kama zile unazoziona chini ya lori, akaiweka juu ya jukwaa la winchi, kisha akafunga kamba ya kuinulia kwenye springi hiyo badala ya kuifunga kwenye jukwaa moja kwa moja. Pande mbili za jukwaa kulikuwa na reli za kuliongoza, nazo alizitia meno kama ya msumeno.

Sasa fikiria inavyofanya kazi. Kamba ikiwa nzima, uzito wa jukwaa unaivuta springi na kuikunja, na ncha zake zinakaa mbali na meno. Kamba ikikatika, hakuna tena kinachoikunja. Springi inajinyoosha papo hapo, ncha zinatoka nje, zinaingia kwenye meno ya reli, jukwaa linanasa. Hakuna mtu wa kubonyeza kitu. Hakuna wa kupiga kelele, "Shika!" Kile kile kinacholeta hatari, yaani kamba kulegea, ndicho kinachofunga breki.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Miaka mitatu darasani nilikokotoa nguvu za kamba hadi vidole vikachoka, na sikukumbuka hata siku moja mtu akituambia tuanze na kudhani kwamba kamba imeshakatika.

Otis hakuona kama amefanya jambo la maana. Hakukimbilia kuomba hataza. Inasimuliwa kwamba biashara ya vitanda ilipoyumba alikuwa anawaza kwenda California kutafuta dhahabu kama wengine. Kilichombakisha ni oda: Septemba 1853 mwenye kiwanda cha fanicha mjini New York alitaka winchi mbili za aina hiyo, kwa sababu yake ya kawaida ilikuwa imeleta ajali. Otis akafungua karakana yake. Halafu oda zikakauka. Watu hawakuamini, na si unaelewa? Mtu akikwambia ana kitu kitakachokushika ukianguka, utakijaribuje?

Ndipo 1854 akaenda kwenye maonyesho ya Crystal Palace, jumba kubwa la vioo na chuma mjini New York. Akasimama juu ya jukwaa lake mbele ya umati, akapandishwa juu, kisha kamba ikakatwa. Jukwaa likashuka kidogo tu, likanasa. Akavua kofia akawaambia mabwana kuwa yuko salama. Alirudia onyesho hilo tena na tena.

Hivyo, wa kwanza kuwaza hakuwa yeye. Lakini aliweka mwili wake mwenyewe juu ya wazo hilo hadharani, na kwa mtu wa kawaida hesabu za mhandisi hazishindi hilo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Machi 1857, lifti yake ya kwanza ya abiria ilianza kazi kwenye duka la E. V. Haughwout, Broadway, jengo la orofa tano lililouza vyombo vya kaure na vioo. Iliendeshwa kwa mvuke, polepole sana, chini ya robo mita kwa sekunde. Hataza ya winchi yake ilitoka Januari 1861. Aprili mwaka huo huo akafa kwa dondakoo, akiwa na miaka 49. Wanawe wawili, Charles na Norton, ndio walioijenga kampuni ambayo jina lake bado unalisoma sakafuni unapoingia lifti.

Breki hiyo iligeuza miji. Zamani kwenye majumba marefu, tajiri alikaa chini na maskini akapanda ngazi hadi darini. Lifti salama ikapindua mambo: juu kukawa ghali, kwa sababu ya hewa na mandhari. Hapa Nairobi bado tunaishi nyakati zote mbili kwa wakati mmoja. Upper Hill orofa ya juu ni ya mkurugenzi. Pipeline orofa ya saba ni ya mtu asiye na hela, anayebeba mitungi ya maji kwa ngazi.

Lakini ile springi ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, ilisimamisha ghafla. Kwa mwendo wa konokono wa 1857 haikuwa shida, ila lifti zilipoanza kwenda kasi, kusimama ghafla kukawa nako ni kugonga. Ya pili, ilingoja kamba ikatike. Je, kama kamba ni nzima lakini mashine imeshindwa kuzuia, na kizimba kinateremka kwa kasi huku kamba ikiwa imekaza? Springi haitajua.

Suluhisho lilikuja katika miongo iliyofuata, na linaitwa gavana. Sio wa kaunti. Ni kifaa cha kupima mwendo, cha ukoo mmoja na kile James Watt alichotumia kwenye injini za mvuke tangu 1788. Wewe unayepanda matatu unamjua mjukuu wake: kidhibiti mwendo kilicholetwa na sheria za Michuki mwaka wa 2004, kilomita 80 kwa saa na basi. Kwenye lifti, gavana ana kamba yake mwenyewe inayozunguka pamoja na kizimba. Kasi ikipita kiwango, uzito unaozunguka ndani yake unatanuka, unaishika kamba hiyo, nayo inavuta wenzo chini ya kizimba. Kabari za chuma zinabana reli, zinasugua, kizimba kinasimama kwa kuteleza kidogo badala ya kugonga. Hapo sababu ya ajali haijalishi tena. Inajalisha kasi tu.

Je, inashindwa? Ndiyo. Tarehe 28 Julai 1945, ndege ya kijeshi ilipotea ndani ya ukungu ikagonga Empire State Building, New York, kwenye orofa ya 79. Watu 14 walikufa. Betty Lou Oliver, dada wa miaka 20 aliyekuwa mwendeshaji wa lifti, aliungua. Waliomwokoa wakamweka kwenye lifti nyingine ateremshwe. Kamba zake zilikuwa zimeharibiwa na ajali, na ya gavana nayo ilikatika. Akaanguka orofa 75 hadi chini kabisa ya jengo. Alipona. Inaelezwa kwamba kamba zilizorundikana chini na hewa iliyobanwa ndani ya shimo zilipunguza kishindo. Ilibidi ndege igonge jengo ili kamba zote, pamoja na ya gavana, zikatike kwa pamoja.

Kesho yake niliripoti kazini. Kamba mpya ilikuwa imeshafungwa, inang'aa mafuta. Wakati wa chai nilimwendea mzee mmoja, mwashi, aliyekuwa kwenye mjengo tangu kabla sijazaliwa. Nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikachora kwa msumari: jukwaa, springi, reli, meno.

"Shikamoo mzee. Hebu angalia hii."

Aliigeuza huku na huku. "Hii si springi ya lori?"

"Ndiyo."

"Na haya ni meno tu. Hii hata pale Grogan utapata, na fundi wa Kariobangi anachomelea kwa siku moja." Akanirudishia karatasi. "Sasa Injinia, kwa nini yetu haina?"

Sikuwa na jibu la kiufundi, kwa sababu hakuna. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka winchi na lifti zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na uzito unaoruhusiwa uandikwe mahali unapoonekana. Teknolojia ni ya wakati wa babu wa babu yangu. Kilichokosekana ni mtu anayelipa bili kuamini kwamba kamba itakatika tukiwa ndani yake.

Nilimwambia nyapara kuhusu springi. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima nimpe haki yake. Kisha akasema kamba ni mpya, na kwamba mtu wa chuo anajua kuongea. Siku hiyo mzee alipanda kwa ngazi, nami nikamfuata. Orofa ya tatu tulisimama kupumua. Wengine walitupita ndani ya kizimba, wakicheka, wakitupungia mikono.

Nilikaa pale wiki mbili zaidi, nikaondoka. Kila nikiingia lifti mjini, huwa sitazami namba za orofa. Natafuta kile kicheti cha ukaguzi ukutani, kama kipo. Na nikisikia mtu akisema ajali haina kinga, namuuliza kama amewahi kuitafuta.