Pensheni ya wazee wa reli Kamina: umri peke yake hautoshi

KAMINA – Mji huu ulikua pamoja na reli. Njia tatu zinakutana hapa: ya Lubumbashi kupitia Bukama, ya Ilebo kupitia Mwene-Ditu, na ya Kabalo. Kampuni ya BCK, iliyoundwa mwaka 1906, ilifikisha reli Ilebo mwaka 1928. Majina yalibadilika baadaye: KDL, SNCZ mwaka 1974, kisha SNCC. Swali la wafanyakazi halikubadilika: nguvu zikiisha, mzee ataishi kwa nini?

Wabelgiji waliweka pensheni kwa wafanyakazi Wakongomani mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru. Tarehe 29 Juni 1961, sheria mpya iliunganisha mifuko mitatu kuwa mmoja, INSS. Kwa muda mrefu, mwanaume alipaswa kufikisha miaka 65 na mwanamke 60, na awe amelipiwa miezi 60 katika miaka 10 ya mwisho.

Haki iliandikwa, lakini pesa ikayeyuka. Mwaka 1993, zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998, zaire mpya 100.000 zikawa franka moja ya Kongo. Maana yake, franka moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani bilioni 300. Pensheni iliyohesabiwa kwa mshahara wa zamani haikuweza tena kununua hata chumvi.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha hesabu, na mwaka 2018 INSS ikawa CNSS. Sasa umri ni miaka 60 kwa mwanaume na mwanamke. Lakini miezi inayodaiwa imepanda hadi 180, yaani miaka 15 ya malipo. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza 5. Mwajiri ndiye mwenye deni la kufikisha zote mbili kwenye mfuko. Anayefika miaka 60 bila miezi hiyo hapati pensheni ya kudumu. Anaweza kulipwa mara moja tu.

Na kuondoka mapema? Tangu miaka 55, sheria inafungua mlango kwa mtu ambaye mwili au akili yake imechakaa kabla ya wakati, na jambo hilo limethibitishwa. Mtu akiamua tu kwamba amechoka, hiyo haitoshi.

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Pesa ya namna hiyo, kama vile dekonte ya mwisho, inahusu mwajiri na kazi iliyokwisha. Pensheni inatoka kwenye mfuko, kwa miezi iliyolipwa. Aliyeondoka na miaka 45 hawi mpensheni siku hiyo. Anangoja umri wake, na miezi yake inahesabiwa.

Jambo hili linagusa zaidi familia zilizohama. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walikuwa wafanyakazi wa reli na wa migodi, na treni zao kuelekea Mwene-Ditu zilipita Kamina. Baadaye vita viliwakimbiza wengine kutoka Malemba-Nkulu, Mitwaba na Manono. Kukimbia hakufuti miezi iliyolipwa. Kunapoteza karatasi zinazoishuhudia.

Kwa hiyo namba ya mfanyakazi kwenye mfuko, karatasi za mshahara, barua ya kuajiriwa na barua ya mwisho wa kazi ni mali ya nyumba. Mjane na yatima nao wana haki yao, wakionyesha cheti cha ndoa na vya kuzaliwa. Na kazi ya sendika haianzi siku mzee anapoondoka. Inaanza kila mwezi, kwa kuuliza kama kilichokatwa kimefika.