Hadubini isipoona bakteria wa kifua kikuu

UCHUNGUZI wa makohozi kwa hadubini ulikuwa kwa miongo mingi njia kuu ya kutambua kifua kikuu katika maabara za wilaya.

Katika njia ya Ziehl-Neelsen, iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1880, makohozi hupakwa kwenye kioo, hukaushwa na kutiwa rangi nyekundu inayopashwa moto, kisha huoshwa kwa asidi na kutiwa rangi ya bluu. Bakteria wa kifua kikuu hawaiachii rangi ya kwanza. Huonekana kama vijiti vyekundu.

Hata hivyo, ni vigumu kuwaona wakiwa chini ya 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja. Hivyo watoto na wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, ambao aghalabu makohozi yao yana bakteria wachache, huweza kupata majibu hasi ilhali wanaugua.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha GeneXpert, kipimo cha vinasaba kinachobaini pia usugu wa dawa ya rifampisini. Vipimo vya aina hiyo sasa hupendekezwa kutangulia, na hadubini hutumika zaidi kufuatilia matibabu.

Anayeendelea kukohoa baada ya majibu hasi ya hadubini hana budi kurudi kituoni kuchunguzwa zaidi.